SUPU ILIYOZIDI UKALI NA NJIA ZA KUITENGENEZA

Hotuba ya Halmashauri ya Jiko, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi tuliokabidhiwa masufuria ya Chama tumetakiwa kueleza jambo ambalo pengine litaonekana dogo likilinganishwa na hesabu za Mweka Hazina zilizokwisha kusomwa. Jambo lenyewe ni supu iliyozidi ukali wa ndimu, ukwaju, siki au nyanya, na namna ya kuirudisha katika hali ya kunyweka.

Hatusemi haya kwa kupenda tumbo. Chama chetu hupika kwa sababu mbili kubwa, furaha na msiba. Siku ya matanga watu hutoka mbali, wengine wamesafiri usiku kucha, na chakula cha kwanza kinachofika mikononi mwao ni bakuli la supu. Fedha iliyonunua mbuzi huyo ni michango yenu, shilingi juu ya shilingi. Supu ikiwa kali hata wageni wakaacha mabakuli yamejaa, tumepoteza mali ya wanachama, tumeiongezea aibu nyumba yenye msiba, na tumewaacha na njaa wazee na wagonjwa ambao hawawezi kutafuna nyama na tegemeo lao lilikuwa mchuzi ule. Ndiyo maana tumeona yafaa jambo hili lisemwe wazi na kuandikwa katika kitabu hiki cha mwaka.

Kwanza kabisa hatuna budi kutenganisha mambo matatu, maana lugha yetu imekwisha kuyatenganisha. Supu yaweza kuwa kali, yaweza kuwa chungu, na yaweza kuwa imechacha. Iliyo kali ina ugwadu wa kitu tulichotia wenyewe. Iliyo chungu imepata uchungu wa maganda na kokwa za ndimu zilizokamuliwa kwa nguvu, au za ndimu zilizoachwa zikachemka ndani ya chungu. Iliyochacha imeingiliwa na vijidudu kwa kulazwa bila kuangaliwa. Dawa tutakazozitaja leo ni za supu kali tu. Uchungu hauondoki kwa dawa za ukali, na kwa huo kinga ni kuchuja maji ya ndimu kabla ya kuyatia.

Ama supu iliyochacha, twasema kwa sauti moja: haina dawa, imwagwe. Tusidanganyike kwamba tukiichemsha tena itatakata. Mchemko huua vijidudu vingi, lakini viko vijidudu vinavyoacha sumu ambayo moto wa jikoni hauivunji. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la chumba zaidi ya saa 2. Basi mpishi akionja supu ya jana akakuta ukali ambao hakuutia kwa mkono wake, asitafute sukari wala magadi. Kufunika ladha ya supu iliyochacha ni kuwatilia wageni ugonjwa katika bakuli. Bora hasara ya sufuria moja kuliko matanga juu ya matanga.

Tukisha kuhakikisha kwamba supu ni kali tu, haikuchacha, tuulize ukali umetoka wapi. Watu wa pwani hukamua ndimu, hutia ukwaju au embe bichi. Wenzetu wa bara hutegemea zaidi nyanya. Ukwaju Waarabu waliuita tende ya Hindi, ijapokuwa asili ya mti wenyewe ni Afrika. Nyanya nayo ilivuka bahari kutoka bara la Amerika. Kila kimoja kina tindikali yake, na nguvu zao hazilingani. Mwaka 1909 mtaalamu wa Denmark, S. P. L. Sørensen, alitunga kipimo cha ukali kiitwacho pH, ambacho hutumika hadi leo. Katika kipimo hiki maji safi husimama penye 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi, kila hatua moja ikiwa ni mara 10. Nyanya iliyoiva husimama juu kidogo ya 4, na maji ya ndimu juu kidogo ya 2. Kwa hiyo mpishi aliyezoea kutia nyanya kwa vikombe asishike ndimu kwa mkono ule ule.

Iko sababu nyingine ya ukali ambayo wengi hawaiangalii, nayo ni moto. Sufuria ikichemka bila kifuniko kwa muda mrefu, maji hupanda kwa mvuke, lakini tindikali ya ndimu na ya nyanya hubaki chini. Supu iliyokuwa sawa saa 4 asubuhi yaweza kuwa kali saa 7 mchana, wala hapana mtu aliyeongeza kitu. Supu ya namna hii haihitaji dawa yoyote ila kurudishiwa maji yake ya moto.

Sasa tuingie katika njia zenyewe. Ziko tatu: kupunguza, kuua, na kufunika. Twaomba wanachama wayashike maneno haya matatu, kwa kuwa makosa mengi ya jikoni hutokana na kufanya moja huku mpishi akidhani anafanya jingine.

Kupunguza ni kuongeza maji au mchuzi usio na ukali, ili tindikali ile ile ienee katika wingi mkubwa zaidi. Hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote, maana haiongezi kitu kigeni. Walakini maji matupu huifanya supu kuwa chapwa, ikapoteza utamu wa nyama na mifupa. Kwa sababu hiyo twapendekeza desturi moja ambayo haina gharama. Kabla ya kutia ndimu, mpishi ateke robo ya mchuzi auweke kando, umefunikwa, ukiwa moto juu ya jiko la pili. Tuseme sufuria ina lita 20. Lita 5 zitengwe, na lita 15 zitiwe ukali. Zikizidi, zile lita 5 zirudishwe, na ukali utashuka hata robo tatu ya ulivyokuwa, nayo ladha ya nyama isipungue hata kidogo. Zisipozidi, zirudishwe kidogo kidogo huku supu ikionjwa, au wapewe wale wasiopenda ndimu. Akiba haiozi, Wazee wetu, hata ikiwa ni akiba ya saa moja.

Wako wasemao kwamba kiazi kizima kikitupwa sufuriani hunyonya ukali chote kisha hutolewa. Twalazimika kusema kwamba sivyo. Kiazi hunywa mchuzi pamoja na ukali wake, na mchuzi uliobaki huwa mkali vile vile. Kiazi husaidia kwa njia nyingine: kikichemshwa peke yake hata kikaiva, kikapondwa na kukorogwa ndani ya supu, huongeza wingi na uzito, na ulimi huona ukali umetulia. Muhogo, ndizi mbichi na dengu zilizoiva hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini vichemshwe kando, visitiwe vibichi katika supu kali, kwa kuwa tindikali huzuia viazi na maharage kulainika, na mpishi atateketeza makaa bure.

Kuua ukali ni kutia kitu kilicho kinyume cha tindikali, vikapambana hata tindikali ikabadilika kuwa kitu kingine. Kitu hicho ni magadi. Jambo hili si geni kwetu. Mabibi wa upande wa Magharibi wa Kenya tangu zamani huchuja maji katika majivu ya mimea na kulainishia mboga, na magadi ya Ziwa Magadi yanajulikana katika nyumba nyingi. Tena mtu akitia magadi katika mchuzi wenye ndimu ataona povu likifura. Hiyo ni hewa inayotoka wakati magadi na tindikali vinapopambana. Povu likitulia, onja.

Hapo ndipo twataka kutoa onyo. Kwa kazi hii itumike soda ya kupikia iliyo safi, ya unga, inayouzwa dukani. Magadi ya mawe yana nguvu zaidi na hayapimiki kwa urahisi, na baadhi yake yana floridi nyingi iharibuyo meno ya watoto. Kipimo chetu ni hiki: robo ya kijiko cha chai ya soda huua ukali wa karibu kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu. Mpishi aikoroge soda hiyo katika kikombe cha maji, amimine nusu, angoje povu lishuke, kisha aonje kabla ya kumimina nusu ya pili. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika soda, haba hiyo hiyo ikizidi huharibu kibaba. Soda iliyozidi huleta ladha ya sabuni, wala haina njia nzuri ya kurudi. Ni kweli kwamba mtu aweza kutia ndimu tena, lakini huo utakuwa mchezo wa kupanda na kushuka ngazi, na kila safari chumvi ya soda huzidi katika chungu.

Aidha, soda huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini C, na katika ndimu na nyanya hiyo ni mojawapo ya faida kubwa. Mwaka 1747 daktari wa Uskoti, James Lind, aliwajaribu mabaharia wagonjwa wa kiseyeye kwa machungwa na malimau, nao wakapata nafuu kuliko wenzao waliopewa dawa nyingine. Basi tusiufukuze ukali wote kama adui. Supu isiyo na ukali kabisa imepooza. Tunachotafuta ni kiasi.

Njia ya tatu ni kufunika. Sukari, chumvi, mafuta, maziwa na tui la nazi huufanya ulimi usiuone sana ukali, lakini kazi yao kubwa si kuuondoa. Sukari haiui tindikali hata chembe. Hukaa kando yake tu, ulimi ukashughulika na utamu. Kitunguu kilichokaangwa polepole hata kikawa rangi ya dhahabu, au karoti iliyopondwa, huleta utamu ulio mpole kuliko sukari, nasi twavipendelea zaidi. Mafuta ya mifupa na tui zito hulainisha mdomo, na hasa tui hufaa sana kwa supu ya samaki, ya kuku na ya mchicha.

Tui litiwe mwisho, moto ukiwa mdogo, na likorogwe bila kuachwa litokote kwa nguvu, lisije likakatika. Maziwa ya ng'ombe yana shida kubwa zaidi, kwani huganda yanapofikishwa kwenye ukali wa karibu 4.6 katika kipimo tulichokitaja. Kwa hiyo katika supu yenye ndimu nyingi maziwa yatageuka mabonge hata mpishi akiwa hodari namna gani. Ukali upunguzwe kwanza kwa mchuzi wa akiba, ndipo maziwa yapashwe moto kando kwa kuchanganywa na upawa mmoja wa supu, kisha yamiminwe sufuriani baada ya kuepuliwa. Maziwa lala yasitiwe kwa nia ya kupunguza ukali, maana nayo ni makali.

Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo tulipokusudia kufika. Kufunika si kuondoa. Ulimi wa mgeni waweza kudanganywa kwa vijiko vya sukari, lakini tumbo halidanganyiki. Mwenye kiungulia atakunywa supu akaisifu, na usiku atakosa usingizi. Mwenye kisukari atakunywa sukari asiyoijua. Mwenye shinikizo la damu atakunywa chumvi ambayo mpishi aliiongeza ili kushindana na ndimu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na bakuli moja lililotiwa chumvi kwa hasira laweza kumaliza sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Wengi wa walio na maradhi haya ni Wazee wetu, na Mzee aliyepewa bakuli kwa mikono miwili hataulizia kilichomo. Atakunywa kwa adabu. Kwa hiyo adabu yake yatupasa kuilipa kwa uaminifu.

Ndiyo sababu mpangilio wetu ni huu. Kwanza punguza, kwa mchuzi wa akiba. Pili, ikiwa bado kali sana, ua sehemu ndogo ya ukali kwa soda iliyopimwa. Tatu, mwisho kabisa, lainisha kwa kitunguu, karoti au tui. Aanzaye na sukari ameanza mahali pa kumalizia, na hatajua tena supu yake ina ukali kiasi gani, kwa kuwa amekwisha kuuvika kanzu.

Yafaa pia tuseme juu ya vyombo. Supu yenye ndimu, ukwaju au nyanya nyingi isilazwe katika sufuria ya alumini, kwa maana tindikali hula madini ya chombo na kuyaingiza katika chakula. Masufuria ya shaba ya zamani yalikuwa yakitiwa bati ndani kwa sababu hiyo hiyo, na mwenye sufuria ya shaba ambayo bati lake limekwisha asipikie kitu kikali hata kidogo. Supu ihamishwe katika chombo cha chuma kisichoshika kutu, cha udongo, au cha enameli isiyobanduka.

Hali kadhalika namna ya kuonja ina sheria zake. Supu ichotwe kwa upawa, imiminwe katika kikombe, ipoe kidogo, ndipo ionjwe kwa kijiko cha mwonjaji. Kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi sufuriani. Mtu akionja mara nyingi ulimi wake huchoka, naye huona supu ni sawa ilhali ni kali. Basi na asukutue kwa maji, au amwite mwenziwe ambaye hajaonja.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Ukali utiwe mwisho, nyama na viazi vikiwa vimekwisha kuiva. Utiwe nusu ya kipimo, supu ikorogwe, ingojewe dakika chache, ionjwe, ndipo nusu nyingine ifikiriwe. Na ndimu zikatwe na kupangwa katika sahani, kila mgeni ajikamulie kwa kadiri apendayo. Aliye na kiungulia ataiacha, apendaye ukali atatosheka, na hapana atakayemlazimisha mwenziwe.

Lakini hata kanuni hizi zote hazitafaa kitu ikiwa sufuria haina mwenyewe. Wote mnajua hali ya jikoni siku ya matanga. Huyu hupita akaonja, akakamua ndimu moja. Yule hufuata, asijue, akakamua mbili. Wa tatu huona supu imepoa ladha kwa kuwa ulimi wake umechoka, naye huongeza kijiko cha siki. Kila mmoja ametenda kwa nia njema, na wote kwa pamoja wameharibu mbuzi mzima. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Haifai baadaye kumtafuta wa kulaumiwa na kumwaibisha mama wa watu mbele ya wageni. Yafaa kuweka utaratibu kabla ya moto kuwashwa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaweka mbele ya Mkutano huu maombi manne. La kwanza, kila sufuria ya Chama iwe na mwenye dhamana mmoja, na asitie mtu mwingine chumvi, ndimu wala siki bila idhini yake. La pili, robo ya mchuzi itengwe kila mara kabla ya kutia ukali. La tatu, itengwe supu ya wazee na wagonjwa isiyo na ndimu, sukari wala chumvi nyingi, na wanaogawa chakula waelezwe ni ya nani. La nne, supu iliyolala nje imwagwe bila majadiliano, na mpishi aliyeimwaga asilaumiwe kwa hasara hiyo, bali ashukuriwe.

Maombi haya hayahitaji fedha kutoka katika sanduku la Chama, isipokuwa thamani ya sufuria moja ndogo ya akiba, kijiko cha kupimia na pakiti ya soda. Faida yake ni kwamba michango yenu itafika matumboni mwa waliokusudiwa, na mfiwa hataona haya kwa ajili ya bakuli tulilompelekea mgeni wake.

Twawashukuru Mabibi wote waliosimama katika moshi kwa niaba yetu, na vijana waliochota maji na kupasua kuni. Mwenye swali au nyongeza asisite kutufikia, kwani jiko la Chama ni lenu, nasi ni watumishi wake tu.